Mgomo Ulifika Hadi Nakuru

Ukitaja chama cha wafanyakazi hapa Bondeni, watu wengi huona mzee mmoja wa tai na kitambi, Mei Mosi, akipiga kelele jukwaani kuhusu nyongeza ya mshahara wa watu wengine. Wewe uko mjengo, ama boda, ama unauza mtumba, ama uko kwa simu ukitafuta kazi za mtandaoni. Hiyo hotuba haikuhusu. Unabadilisha stesheni.

Naelewa. Lakini shule ilitubania hii stori. Tulikaririshwa majina ya vyama vya siasa na tarehe zake, halafu vyama vya wafanyakazi vikapewa ukurasa mmoja wa kupitia mtihani. Matokeo yake tunadhani haki za raia, yaani kusema, kukusanyika, kutembea bila kusimamishwa na kupiga kura, tuliletewa na wanasiasa. Ukichimba kidogo unakuta sehemu kubwa ya haki hizo ilianza kudaiwa na makarani, madereva wa teksi na wabeba mizigo wa bandarini, watu waliokuwa wanagombania mshahara.

Anza na majina ya mitaa yetu. Milimani iko juu, upande wa Menengai, kwenye upepo. Bondeni iko, basi, bondeni. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mji uliokua kando yake ukapangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati karibu na maduka, Mwafrika chini. Mitaa mingine ya Waafrika ikafuata huku huku kwetu, Shauri Yako, Kivumbini, Flamingo. (Jina la Shauri Yako peke yake linatosha insha nzima, lakini tuendelee.)

Kwa macho ya sheria, Mwafrika wa mjini alikuwa kibarua tu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume wa Kiafrika wa kuanzia miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama zake za vidole na historia ya kazi yake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kuandika kwenye kipande kwamba amekuachilia, umekuwa mhalifu. Si ati umevunja mkataba. Mhalifu, wa kutafutwa na polisi.

Nje ya mji ilikuwa hivyo hivyo, ama mbaya zaidi. Mashamba ya walowezi yaliyotuzunguka, kuanzia Naivasha hadi Molo, yaliendeshwa na maskwota: unaruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kufuga mbuzi wako, na wewe unamlipa mwenye shamba kwa jasho. Sheria ya 1918 ilitaka siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Baadaye siku hizo zikapandishwa, sehemu nyingine hadi 270. Hesabu mwenyewe zinabaki ngapi za shamba lako.

Na kura? Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957. Kwa hivyo jiulize: ni 1922, ama 1947, huna kura, huna mbunge, gazeti lako linaweza kufungwa kesho. Una nini? Una mikono. Ukiikunja, meli haishushwi na treni haitoki.

Mwaka 1922 Nairobi ilionja kidogo. Harry Thuku, karani wa simu, alikuwa amekusanya watu wapinge kipande, kodi na kukatwa mishahara. Akakamatwa. Umati ukaenda kudai aachiliwe, wanawake mbele, Mary Muthoni Nyanjiru akiwakejeli wanaume kwa woga wao, na tarehe 16 Machi polisi wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilikubali watu 21 walikufa. Kesi ya mshahara na kipande, watu 21.

Lakini mtu ninayetaka ukumbuke zaidi ni Chege Kibachia, kwa sababu hadithi yake inaishia huku kwetu.

Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa walikunja mikono. Bandari, reli, mahoteli, wafanyakazi wa nyumbani, kila kitu kilisimama karibu wiki mbili. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira walioupa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Mtu akisema hawa watu hawakuwa na siasa, mwambie asome hilo jina tena. Mgomo huo ndio uliozaa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, na Kibachia, kijana wa Kiambu aliyesoma Alliance, akawa rais wake.

Walitaka mshahara, ndiyo. Walitaka malipo sawa kwa kazi sawa, kwa sababu Mwafrika, Mhindi na Mzungu walilipwa kwa ngazi tatu tofauti. Na ndani ya malalamiko yao walitia jambo ambalo huwezi kulipima kwa shilingi: dharau. Walilalamika rasmi kwamba Mwafrika kazini anadharauliwa. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuona hii historia kwa njia nyingine. Mtu anayelalamikia dharau anataka nyongeza na anataka pia ukubali kwamba umemkosea, na huwezi kumkosea mbuzi.

Mishahara ikapandishwa kidogo. Agosti mwaka huo Kibachia akakamatwa. Hakupelekwa jela ya Nairobi, hapana. Alipelekwa uhamishoni Kabarnet, Baringo, na akakaa huko karibu miaka 10. Ukipanda matatu hapa stage, upite Mogotio, upite Marigat, uanze ule mlima, unafika. Leo tunaenda huko kupiga picha za bonde. Serikali ya kikoloni iliona ni mbali vya kutosha kumficha mtu aliyewafundisha makuli kusimama pamoja.

Sasa njoo 1949. Tarehe 1 Mei, viongozi wa vyama kadhaa walianzisha muungano mmoja wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Rais wake alikuwa Fred Kubai, mtu wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi. Katibu mkuu alikuwa Makhan Singh, Mkenya wa asili ya Punjab ambaye tangu 1935 alikuwa anaendesha chama kilichofungua milango kwa rangi zote. Hebu waza hiyo Nairobi iliyotengwa hadi vyoo, Mhindi wa kilemba na Mwafrika wa teksi wanaketi meza moja kama viongozi sawa. Serikali ilikataa kuusajili huo muungano. Wakaendelea tu.

Watu wa boda, hii ni yenu: moja ya vita vyao vikubwa ilikuwa kanuni za baraza la jiji dhidi ya madereva wa teksi. Walikuwa wamechoka na vibali, ukaguzi na kusumbuliwa barabarani, wakagoma. Halafu Machi 1950 Nairobi ikapewa hati ya kifalme ya kuwa jiji, sherehe kubwa, mwanamfalme ametoka Uingereza, na muungano ukawaambia wafanyakazi wasusie. Jiji la nani, ikiwa huwezi kulala unapotaka wala kutembea usiku? Nilikumbuka hiyo Desemba 2021 tulipopewa hati yetu ya jiji hapa Nakuru, na sisi wa Bondeni bado tunaruka mitaro.

Tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, kwenye mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, Makhan Singh akasimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Si mabadiliko ya polepole. Uhuru. Ni mtu wa chama cha wafanyakazi aliyeliweka hilo jambo mbele ya mkutano wa hadhara. Wiki tatu baadaye, 15 Mei, yeye na Kubai wakakamatwa.

Kesho yake ukaanza mgomo. Na sasa angalia madai yao, maana ndiyo kitovu cha maneno yangu yote. Walitaka Makhan Singh, Kubai na Kibachia waachiliwe. Walitaka kima cha chini cha mshahara cha shilingi 100 kwa mwezi. Walitaka zile kanuni za teksi zifutwe. Walitaka uhuru wa wafanyakazi wote na wa nchi zote za Afrika Mashariki. Vitu hivyo vyote kwenye karatasi moja! Hawakuona mstari kati ya teksi na uhuru. Aliyechora huo mstari ni mwingine, baadaye.

Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja, ukatoka Nairobi ukafika Mombasa, Kisumu, na hapa Nakuru. Sina jina la mtu wa Bondeni aliyekunja mikono Mei ile, na hilo ndilo linalonikera, nitalirudia. Nairobi ilijibiwa kwa mabomu ya machozi, magari ya kivita na ndege za kuruka juu ya mitaa. Makhan Singh alizuiliwa kaskazini, Lokitaung na kwingineko, hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Jaji aliyesikiliza shauri lake, Thacker, ndiye yule yule waliyekuja kumtoa kwenye kustaafu ili awahukumu Kenyatta na wenzake Kapenguria. Na kati ya wale sita wa Kapenguria alikuwemo Fred Kubai. Mwaka 1963 Kubai huyo alichaguliwa mbunge wa Nakuru Mashariki. Ndiyo, huku. Tulikuwa na mbunge aliyeanzia kwa madereva.

Hali ya hatari ilipotangazwa 1952 na KAU kupigwa marufuku mwaka uliofuata, hakukuwa tena na chama cha siasa cha Waafrika cha nchi nzima. Vyama vya wafanyakazi vilibaki, vimebanwa, wanachama wao wengi wamezolewa kwa malori na kupelekwa kambini, lakini vilikuwepo kisheria. Hapo ndipo Tom Mboya, kijana wa miaka ishirini na kitu, akawa sauti. Aliyekuwa katibu wa shirikisho la wafanyakazi ndiye alilalamikia watu kufukuzwa makwao na kuzuiliwa bila kesi. Kazi ya mwanasiasa na ya wakili ilifanywa na mtu wa chama cha wafanyakazi.

Mboya aliwahi kuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi. Anasimulia kwenye kitabu chake kwamba siku moja yuko peke yake ofisini, mwanamke Mzungu akaingia na sampuli ya maziwa, akaangaza macho chumba kizima, akauliza kama kuna mtu hapo. Mboya amekaa mbele yake. Ameshamsalimia. Hebu fikiria hiyo hisia. Sasa unajua kwa nini mtu kama huyo anaenda kuunda chama.

Marekani watu weusi walikuwa wanaonwa hivyo hivyo. Wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman walikuwa wakiitwa wote "George" na abiria, jina la mwenye kampuni, kama vile hakuna aliyezaliwa na jina lake. Mwaka 1925 wakaunda chama chini ya A. Philip Randolph, na ikawachukua hadi 1937 kupata mkataba. Lakini chama hicho cha treni ndicho kilichokuja kubeba mambo mengine. E. D. Nixon, mhudumu wa treni, ndiye aliyesaidia kumtoa Rosa Parks kwa dhamana Montgomery mwaka 1955 na kuchochea ule mgomo wa mabasi. Na yale maandamano ya Washington ya Agosti 1963 tunayoyajua kwa hotuba ya Martin Luther King? Randolph ndiye aliyekuwa kiongozi wake, na yaliitwa maandamano ya kazi na uhuru. Kazi ilitangulia kwenye jina.

Hao watu wanajuana na sisi. Mboya alienda Marekani 1956, na shirikisho la wafanyakazi la huko likatoa dola 35,000 za kusaidia kujenga makao ya wafanyakazi wa Kenya. Jengo hilo bado liko Gikomba, linaitwa Solidarity. Mei 1959 King alimwandalia Mboya chakula cha jioni Atlanta, na mwaka huo huo ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ikaondoka kwenda vyuo vya Marekani. Kuna watu wanasema pesa zile zilikuwa za vita baridi, za kuzuia ukomunisti. Kweli zilikuwa na hesabu zake, na watu kama Makhan Singh waliachwa nje ya hesabu hiyo. Sitaki kumfanya Mboya malaika. Ila undugu wa mhudumu wa treni wa Chicago na mfanyakazi wa Nairobi haukubuniwa na Ikulu yoyote. Wote wawili walikuwa wamewahi kukaa chumbani na kuambiwa hakuna mtu.

King mwenyewe alipouawa, 4 Aprili 1968, alikuwa Memphis kuunga mkono mgomo wa wazoa taka. Wawili wao walikuwa wamesagwa na mashine ya lori la taka mwanzoni mwa Februari. Wenzao wakaandamana na mabango yaliyosema kila mmoja wao ni mtu. Basi, hayo tu. Wazoa taka.

Halafu nini kilitokea kwetu? Hapa ndipo mstari ulichorwa. Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta ilivunja mashirikisho mawili yaliyokuwa yanapigana, wakati mwingine hadi kufa, na kuunda COTU. Sababu iliyotolewa ni amani, na vurugu zilikuwepo kweli. Lakini mpango mpya ulimpa Rais uwezo wa kuamua nani atakuwa katibu mkuu, akichagua kutoka majina aliyopelekewa. Ukishamchagulia mfanyakazi msemaji wake, umemaliza. Waliopanda juu kwa ngazi ya vyama vya wafanyakazi waliingia serikalini wakaivuta ngazi. Mwaka 1980 Moi akapiga marufuku chama cha watumishi wa serikali na cha wahadhiri. Kwa hivyo yule mzee wa Mei Mosi unayemcheka hakuzaliwa hivyo, alitengenezwa.

Katiba ya 2010 ilirudisha mambo. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na cha 37 kinatupa haki ya kuandamana kwa amani, kile tulichokuwa tunakitaja Juni 2024 tukiwa Kenyatta Avenue na macho yanawasha. Vifungu hivyo vinakaa sura moja, jirani kabisa. Tulikariri cha 37. Cha 41 nani anakijua?

Shangazi yangu anakijua. Anafunga maua Naivasha, na kuna makubaliano ya chama yanayomlinda: posho ya nyumba, likizo, utaratibu wa kufuatwa kabla hajafukuzwa. Chama cha wafanyakazi wa mashambani kina makao makuu hapa hapa Nakuru, na wengi wetu tunapita nje bila habari. Mshahara wake bado ni mdogo, atakuambia mwenyewe. Lakini akionewa anajua mlango wa kugonga.

Mimi sikuwa na mlango. Nilipoacha chuo nilifanya kazi ya kunakili sauti kwa kampuni moja ya mtandaoni, unalipwa kwa dakika. Asubuhi moja akaunti ikafungwa na pesa za wiki tatu ndani. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine. Kwenye masharti niliyobonyeza kukubali, mimi si mfanyakazi wao. Ni mkandarasi huru. Angalia ujanja: zamani walikataa kwamba wewe ni mtu. Siku hizi wanakubali wewe ni mtu, tena mtu huru kabisa, bosi wako mwenyewe, ila wanakataa kwamba ni mfanyakazi. Na asiye mfanyakazi hana kifungu cha 41. Wenye boda wa programu za simu wanajua hii ngoma.

Lakini kuna vijana walioshaanza. Daniel Motaung, kutoka Afrika Kusini, alikuwa Nairobi akichuja video za mauaji na unyama ili zisikufikie kwenye Facebook. Mwaka 2019 alijaribu kuwakusanya wenzake, akafutwa kazi, na 2022 akaishtaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyokuwa imemwajiri. Meta ikasema Kenya haina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema inaweza kushtakiwa hapa. Na kabla ya uamuzi huo, wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Tarehe ilikuwa 1 Mei 2023. Kubai na Makhan Singh waliunda wao 1 Mei 1949.

Nimesema nitarudia lile linalonikera. Tuna majina ya viongozi, hatuna ya Bondeni. Mei 1950 mtu fulani alilala hapa, akaamka, akaamua haendi reli leo, haendi jikoni kwa Mzungu Milimani leo. Mtoto wake anaweza kuwa yule mzee anayecheza bao jioni pale kwenu. Kwa hivyo kama una babu au nyanya, wako ama wa jirani, aliyefanya kazi reli, baraza, shambani ama nyumba za watu miaka hiyo, nenda na simu urekodi. Usimuulize kuhusu uhuru, atakupa ile hotuba ya sikukuu. Muulize alikuwa analipwa ngapi, nani alikuja kukusanya ada ya chama, walikutania wapi, na bosi alikuwa akimwita jina gani. Nitumie. Nina kumbukumbu ya kutosha kwenye hii simu, na wazee wanaisha.